Alama ya Kidole

Siku ya kumi na moja, na mstari bado unatetemeka.
Juu yetu, mtaani, tramu inakunja kona
ikisaga reli kama mtu asagaye meno usingizini,
na Kajetan anaapa: ni hiyo, ni hiyo tramu!
Tukarudi usiku wa manane.
Kraków imelala, reli zimepoa,
mstari ukatetemeka vilevile.

Unatafuta nini huko chini? mama aliniuliza kwa simu.
Natafuta mnong'ono, nikamwambia.
Chembe ya mwanga inapiga silikoni,
inamwaga elektroni elfu kumi na sita na ushei.
Ukisikia elfu kumi na sita utadhani jeshi.
Si jeshi. Hazitoshi kumtekenya nzi.
Tunazipokea kwenye kapasita ya nusu pikofaradi,
tunazihesabu kabla hazijatoroka,
bila kuongeza neno letu.

Bila kuongeza neno letu: hapo ndipo penye kazi.
Maana kila kitu kina joto, na chenye joto husema.
Transista husema. Waya husema.
Na rizista ya giga kumi (hili nilichelewa kulielewa)
kadiri inavyozuia ndivyo inavyonyamaza;
ukiipunguzia ukaidi, inaanza kupayuka.

Ludwika Szczygieł, miaka thelathini kwenye meza hii,
ana mvumo sikio la kushoto
tangu pampu ya ombwe ilipopasuka karibu naye.
Kimya hajakisikia tena. Anakichora.
Transista huichagua kama mtu achaguaye kiatu:
isiwe ndogo ikabana, isiwe kubwa ikapwaya,
iukubali mguu wa kigunduzi.

Akasema: acheni tramu. Refusheni muda wa kuchuja.
Tukaurefusha. Kelele ikapanda.
Ufupisheni.
Ikashuka.
"Tramu haijui saa zetu," akasema. "Hapa kuna kitu kinavuja."

Tukakifungua kisanduku cha shaba, tukakiweka chini ya hadubini.
Lehemu safi. Nguzo za tefloni, nyeupe kama meno ya mtoto.
Na juu ya kioo cha rizista, ukungu wa mviringo,
mistari myembamba iliyojikunja ndani kwa ndani
kama ramani ya kilima kisicho na jina.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kilikuwa kidoleni mwangu.
Ijumaa ile, glavu zimekwisha, basi la mwisho linaondoka,
niliishika kwa gumba na kidole cha shahada, sekunde moja tu,
na jasho langu, na chumvi yangu,
na mafuta ya mkate wa jibini niliokula nimesimama
vikawa daraja,
na darajani elektroni zikivuka ovyo, usiku kucha, bila kuitwa.

Sikusema. Kajetan alikuwa bado anailaani tramu.
Ludwika akanitazama mikono, mikono tu,
akanipa brashi na chupa ya spiriti.
"Sugua. Usipulize. Pumzi nayo ina maji."

Saa kumi alfajiri tukarudisha kifuniko,
tukaweka kipande cha amerisi, tukangoja baridi itulie.
Kilele kikasimama.
Palipokuwa na tumbo sasa pana sindano.
Kajetan akasoma kelele iliyobaki: elektroni thelathini na moja.
Si sifuri. Haitakuwa sifuri maadamu sisi tuna joto.

Ludwika akavua miwani, akalaza sikio lake bovu juu ya shaba,
mzaha wake wa miaka yote.
"Kimenishinda," akasema. Safari hii hakucheka.

Nikatoka. Theluji, na tramu ya kwanza inakunja kona.
Nikapanda, nikaiomba radhi kimoyomoyo,
nikashika nguzo yake ya chuma kwa mkono mtupu,
vidole vyote vitano,
mahali ambapo hakuna anayehesabu.